Wivu Wangu wa Siku ya Alhamisi

Kwa miaka kumi na minne nilifundisha darasa la Biblia la akina mama katika kanisa letu la mabati kule Kilungu, na kwa miaka hiyo yote sikujua kwamba mimi ni mtu mwenye wivu. Dhambi zangu nyingine nilizijua. Ulimi wangu ni mkali, na hasira yangu hukaa karibu. Lakini wivu niliuona kuwa ugonjwa wa watu wasio na kitu, na mimi nilikuwa na kitu. Nilikuwa na Alhamisi.

Kila Alhamisi, nikishatoka shuleni ninakofundisha darasa la tano, nilishika njia ya miguu inayopita katikati ya matuta ya watu, nikafika kanisani saa tisa na nusu. Akina mama walikuwa wameshaketi, viondo vyao miguuni. Nilikuwa na madaftari makubwa, na kila somo nililiandika kwa vichwa vitatu, maana mwalimu ni mwalimu hata akiingia kanisani. Waliniita Mwalimu. Hata mchungaji, akikwama na andiko siku ya Jumamosi, alinipigia simu. Nilimwambia kila mara kwamba sifa ni za Bwana, na kila mara nilipokata simu nilitembea nyumbani kwangu nikiwa mrefu kidogo.

Huyo mwanamke alikuja mwezi wa saba, wakati ukungu unapokaa mlimani mpaka saa nne asubuhi. Alikuwa mjane kutoka Mwingi, upande wa Kitui, ameolewa na fundi mawe wa hapa kwetu, mgane, aliyekwenda huko kujenga akarudi na mke. Alikuwa wa rika langu. Baridi yetu ilimshinda, akawa anavaa sweta mbili pamoja. Kikamba chake kilikuwa cha Kitui, si kama chetu, na akina mama walipomsikia akisalimia walicheka kidogo nyuma ya leso. Yeye naye alicheka, akakaa benchi la mwisho. Kwa majuma matatu hakusema neno.

Juma la nne nilifundisha habari ya yule mjane wa Wafalme wa Pili, aliyebakiwa na chupa moja ya mafuta, na nabii akamwambia aende kwa majirani akaazime vyombo vitupu, vingi, na mafuta yakamiminika mpaka vyombo vilipokwisha, ndipo yakasimama. Ni somo ninalolipenda. Vichwa vyangu vitatu vilikuwa imani, utii na utoaji. Nilipofika utii, mkono uliinuka nyuma.

"Mwalimu, naweza kuuliza?"

"Uliza."

"Huyu mama aliambiwa aende kwa majirani wote?"

"Ndiyo. Kwa majirani wote."

"Kwa hivyo alikuwa hajakosana na mtu."

Nikamwambia Biblia haisemi hivyo. Akaitikia kwa kichwa, lakini hakukaa.

"Mimi nimefikiria kwangu," akasema. "Kule Mwingi jirani yangu alikuwa Mwislamu. Mwezi wao wa kufunga ukifika, sufuria zangu zote zilikuwa kwake, na mimi nikiwa na wageni zake zilikuwa kwangu. Ningeambiwa niazime vyombo, ningeanza na huyo. Lakini palikuwa na nyumba tatu za Wakristo wenzangu ambako singeweza kubisha hodi. Sasa nimekaa hapa nikijiuliza, mafuta yangu yangesimama wapi? Si yangesimama pale pale ninapoogopa kubisha?"

Akaketi. Mimi nilisema asante kwa mchango mzuri, nikaendelea na utoaji, lakini niliona kwamba hawanisikilizi. Walikuwa wakihesabu milango.

Katika darasa letu palikuwa na wamama wawili majirani ambao hawakuwa wamesemezana kwa miaka sita, kwa ajili ya mtaro wa maji ya mvua. Mmoja alichimba mtaro shambani mwake, maji yakaangukia matuta ya mwenzake yakayabomoa. Waliimba kwaya moja, wamesimama kila mmoja mwisho wake. Siku ya Jumamosi baada ya somo lile, yule mwenye mtaro alikwenda kwa mwenzake kuazima sufuria. Sufuria alikuwa nazo tele. Mwenzake alisimama mlangoni muda mrefu, kisha akaingia ndani akatoka na sufuria kubwa ya kupikia muthokoi wa mahindi na maharagwe, akampa, na wote wawili wakalia pale uani mbele ya kuku. Habari ilifika kwangu kabla jua halijatua.

Nilisema Mungu asifiwe. Kisha nikaenda kwenye kabati langu, nikatafuta madaftari. Somo la mjane na mafuta nilikuwa nimelifundisha mara tatu kabla ya hiyo. Mara tatu, na hakuna mtu aliyewahi kwenda kuazima hata kijiko.

Hapo ndipo wivu ulipoanza. Kila Alhamisi nilikuwa nikiuona mkono wake kabla haujainuka. Akina mama walianza kugeuza shingo kutazama nyuma, kama watu wanaongoja gari. Nikisema jambo, walimtazama yeye waone uso wake unasemaje. Akiwa hayupo waliuliza, "Leo mama wa Mwingi haji?" Hakuna aliyewahi kuuliza kama mimi naja, maana mimi nilikuja siku zote.

Zamani nilifundisha habari za Sauli, jinsi wanawake walivyotoka mijini wakiimba kwamba yeye ameua maelfu na Daudi makumi elfu, na tangu siku ile akawa anamwangalia Daudi kwa jicho jingine. Katika daftari langu nimeandika pale: tujihadhari na sifa za wanadamu. Niliandika kama mtu anayeonya watoto wasicheze na moto wa jirani. Sasa nilimwelewa Sauli kama mtu wa ukoo wetu. Nilijua alivyoketi na mkuki wake mkononi huku kinubi kikipigwa, na jinsi muziki wenyewe, kwa kuwa ulikuwa mzuri, ulivyomzidishia uchungu.

Mkuki sikuwa nao. Nilikuwa na njia za mwalimu. Nilianza kufunga somo mapema mkono wake ukiinuka. Nilisahihisha maneno yake ya Kitui, kwa upole, mbele ya watu. Nilimwambia mchungaji, na nikaliita jambo la maombi, kwamba kundi linahitaji mafundisho yenye mizizi na si hisia tu. Mchungaji alinitazama akasema tutaomba. Nilipokuwa peke yangu nilikuwa najisikia vibaya mwilini, kwenye viungo, kama mtu aliyelowa mvua. Mithali inasema husuda ni ubovu wa mifupa, na nilidhani siku zote ni mfano tu.

Nyumbani kwetu anaishi, wakati ule aliishi, mama mkwe wangu. Alikuwa amepooza upande wa kushoto kwa miaka miwili. Mimi ndiye niliyemwosha kila asubuhi kabla ya kwenda shule, nikamlisha uji, nikamgeuza, na jioni nikamwombea. Jumamosi moja nikiwa namfunga leso kichwani akasema, "Nataka yule wa Kitui aje aniombee."

"Mwaitu, mama yangu, si mimi nakuombea kila siku?"

"Wewe unaniombea kama unayeita majina ya watoto darasani. Yupo, hayupo, yupo."

Mume wangu alikuwa mlangoni, akacheka, kisha akauona uso wangu akaacha.

Nilimpigia yule mwanamke simu. Alikuja siku hiyo hiyo mchana, na sweta zake mbili. Aliketi kitandani, si kwenye kiti nilichomwekea, akaushika ule mkono uliopooza ambao wageni wote huogopa kuushika. Mimi nilikwenda kutengeneza chai. Nilirudi na trei, nikasimama kizingitini kwa sababu alikuwa ameshafungua Biblia magotini na anasoma. Alikuwa anasoma Zaburi ile ya kuinua macho kuitazama milima. Alisoma polepole, kwa sauti kama ya mtu anayemwambia mtoto njia ya kwenda mtoni, na mama mkwe wangu alikuwa amefumba macho, machozi yanamtiririka upande mmoja.

Mimi niliitazama ile Biblia. Zaburi ziko katikati ya kitabu, kila mtu anajua. Yeye alikuwa ameifungua mapema zaidi, kabla ya kufika katikati. Nikasogea hatua moja. Juu ya ukurasa niliweza kusoma: Mambo ya Nyakati. Na macho yake hayakuwa kwenye karatasi hata kidogo. Yalikuwa kwa mgonjwa.

Hakujua kusoma. Alikuwa ameyashika yote kichwani, kwa kusikia.

Mtu mwema angesimama pale akashangaa jinsi Neno lilivyokaa ndani ya mtu bila msaada wa herufi. Mimi nitasema ukweli wangu: nilifurahi. Furaha ilinipanda ghafla. Nikaingia, nikamimina chai, nikamwongezea sukari, nikamshukuru kwa kuja. Alipoondoka nilimsindikiza mpaka njia panda. Nilikuwa mkarimu siku ile kuliko siku zote tangu aje kwetu.

Siri hiyo nilikaa nayo majuma matano. Kisha kukawa na mkutano wa akina mama katika mji wa Wote, makanisa mengi pamoja, katika ukumbi mkubwa karibu na soko. Mimi nilipewa saa ya baada ya chakula cha mchana. Juma zima kabla ya mkutano, nikiwa mezani jikoni, nilitafuta andiko. Sikutafuta andiko la kuwalisha watu. Nilitafuta lenye majina magumu. Nikapata Nehemia mlango wa tatu, ule unaoorodhesha waliojenga ukuta wa Yerusalemu, fulani mwana wa fulani na karibu naye fulani mwana wa fulani, majina ambayo hata wachungaji huyaruka.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Niliwasalimu, wakaitikia amina, nikasema, "Kabla hatujaanza, nitamwomba dada yetu kutoka Kilungu, ambaye Mungu amempa kipawa cha pekee, aje mbele atusomee."

Akina mama wa kanisa letu wakapiga makofi. Walikuwa wanajivunia. Yeye alibaki ameketi kidogo, kisha akaja, akipita katikati ya viti, akiwagusa watu mabega ili wampishe. Nilimpa Biblia yangu ikiwa wazi. Nilimwonyesha kwa kidole mahali pa kuanzia.

Aliishika. Alitazama karatasi, kisha akanitazama mimi. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Akasema kwa Kikamba, kwa sauti ndogo ambayo mimi peke yangu niliisikia, "Wewe unajua."

Niliutoa mkono wangu kwenye ukurasa.

Aligeuka akawatazama watu. Mahali fulani upande wa kulia, mtu ambaye si wa kwetu alicheka kidogo, akidhani mwenzetu ameshikwa na woga. Nikangoja aseme jambo. Alikuwa mtu wa maneno, na nilitarajia, pengine nilitumaini, kwamba atapata la kusema na kunishinda, ili niwe na sababu ya kumchukia. Hakusema kitu. Alifunga Biblia yangu vizuri, akalipangusa jalada kwa kiganja, akaiweka mezani, akarudi kwenye kiti chake. Wamama wa kanisa letu hawakujua watazame wapi.

Nilisoma mwenyewe. Majina yalinishinda, nikajikwaa mara nne au tano, na hakuna aliyecheka. Sikumbuki nilifundisha nini.

Alhamisi iliyofuata hakuja. Wala ile nyingine. Darasa lilirudi kuwa langu. Nilisimama mbele na vichwa vyangu vitatu, nao wakaketi wakanisikiliza kwa adabu. Hakuna aliyegeuza shingo, hakuna aliyeuliza swali. Tulikuwa ishirini na kitu, tukawa kumi na watano, tukawa tisa. Msimu wa kuvuna mbaazi ndio uliolaumiwa. Hakuna mtu aliyenilaumu mimi, au hakuna aliyesema kwa mdomo, ila yule mama wa mtaro wa maji alianza kunisalimia bila kuniita Mwalimu.

Aliyeuliza alikuwa mama mkwe wangu.

"Yule wa Kitui mbona haji?"

"Ana kazi, mwaitu. Ni wakati wa mbaazi."

"Umemfanya nini?"

Nilikuwa namwosha mgongo. Labda ni kwa sababu sikuwa nauona uso wake, nilimweleza yote. Nilimweleza ile Zaburi, na Mambo ya Nyakati, na jinsi nilivyoketi jikoni nikitafuta majina magumu. Nilimaliza kumpangusa, nikamlaza.

"Mimi pia sijui kusoma," akasema. "Ulijua?"

Nilimtazama. Nilikuwa nimekaa katika boma lake miaka ishirini na mitatu. Kila Jumapili, kabla hajaugua, alitembea kwenda kanisani na Biblia yake ya Kikamba imefungwa kwenye kitambaa cheupe. Nilikuwa nimewafundisha watoto wa mlima mzima kusoma.

"Hukuwahi kusema," nikamwambia.

"Hukuwahi kuuliza." Kisha akafumba macho. "Nenda kwa huyo mtu."

Sikwenda. Nilijua Mathayo mlango wa tano, mahali Bwana anaposema ukiwa unaleta sadaka na hapo ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka uende ukapatane kwanza. Nilikuwa nimelifundisha. Lakini kulifundisha ni kwepesi, kwa sababu darasani hakuna sadaka mkononi wala ndugu ng'ambo ya bonde. Nilijiambia nitakwenda Jumamosi. Jumamosi nilikuwa na nguo za kufua. Nilijiambia labda nimwandikie ujumbe kwenye simu, nikakumbuka kwa nini hilo haliwezekani, nikaona haya peke yangu.

Jumapili ya mavuno ilifika. Kila mtu alikuwa amebeba kitu: mahindi, maparachichi, kuku amefungwa miguu. Mimi nilikuwa na kiondo cha machungwa ya shamba letu, nimeyachagua moja moja. Tulipanga mstari nje ya mlango ili tuingie tukiimba. Mbele yangu alisimama yule fundi mawe, mume wake, amebeba gunia dogo la mbaazi. Peke yake. Akanigeukia akanisalimia kwa heshima, akasema, "Mwalimu, mwenzangu hajisikii vizuri, ameniambia nilete mimi."

Wimbo ulikuwa umeanza. Nilimpa kiondo changu mama aliyekuwa nyuma yangu, nikamwambia anishikie, nikatoka kwenye mstari. Nilishuka bondeni na viatu vyangu vya kanisani, nikavuka kijito, nikapanda upande wa pili. Nilikuwa nasikia ngoma za kanisa nyuma yangu muda wote.

Nilimkuta nje ya nyumba, ameketi kwenye kigoda, anapepeta mbaazi kwa ungo. Hakuwa mgonjwa. Alinijibu salamu lakini hakunikaribisha kuketi, nikasimama juani.

"Nimekuja kuomba msamaha," nikasema.

"Wa nini?"

Alitaka niseme, na alikuwa na haki.

"Nilijua hujui kusoma. Nikakuita mbele ya watu."

"Kwa nini?"

"Nilikuonea wivu."

Akaacha kupepeta. "Wewe? Una kazi, una mume, una watoto wamesoma mpaka chuo. Unanionea wivu wa nini?"

"Wanakusikiliza. Na mimi nimefundisha miaka yote hiyo."

Alifikiri, akitoa makapi kwa vidole. Niliona kwamba jibu langu lilimshangaza kweli, na kwamba halikumpunguzia maumivu.

"Nitakuambia kilichoniuma," akasema. "Si wale watu. Watu wa Wote wananijua wapi? Mimi nikirudi kutoka darasani, mume wangu huniuliza, leo mmesoma nini? Nami humweleza yote, neno kwa neno. Ndiyo maongezi yetu ya jioni. Siku ile nilirudi akaniuliza, nikamwambia sijui. Tangu siku ile haulizi." Akachukua ungo wake tena. "Rudi kanisani, Mwalimu. Nimesikia. Kusamehe nitasamehe, lakini sijafika."

Nilirudi. Sadaka zilikuwa zimeshapokewa, machungwa yangu yako mbele kwenye rundo la wengine, na hakuna aliyejua ni ya nani. Niliketi nyuma, kwenye benchi alilozoea kuketi yeye, na mahubiri yote nilitazama visogo vya watu.

Yalipita majuma matatu. Sikumtafuta, kwa kuwa aliniambia hajafika, na nilihisi kwamba nikimsukuma nitakuwa namwomba anipunguzie mzigo wangu mimi. Nilimwombea. Mwanzoni nilimwombea kama ninayeita majina darasani, na ilinichukua siku nyingi kumwombea kama mtu.

Jumanne moja mchana, shule zimefungwa, nilikuwa namgeuza mama mkwe wangu kitandani, na alikuwa mzito, maana mwili uliopooza haukusaidii. Mlango ulifunguka. Yule mwanamke aliingia, akaweka kiondo chini, akazunguka upande wa pili wa kitanda, akaingiza mikono chini ya mabega ya mgonjwa. Tulimgeuza pamoja. Tukanyoosha shuka. Kisha akanitazama akasema, "Nimefika."

Mama mkwe wangu akasema kutoka kwenye mto, "Sasa mfundishe kusoma. Na mimi nitakuwa hapa nikisikiliza."

Ndivyo nilivyopata darasa jingine, Jumanne na Jumamosi, wanafunzi wawili, mmoja amelala. Niliwaletea vitabu vya darasa la kwanza kutoka shuleni. Ba, be, bi. Mwanamke wa Mwingi alikuwa mwanafunzi mwepesi kuliko niliyewahi kuwa naye, kwa sababu maandiko alikuwa nayo kichwani tayari. Alichohitaji ni kuyatambua yakiwa yamevaa herufi. Akipata neno alilolijua kwa sauti, alicheka kama mtu aliyekutana na jirani wa zamani mji wa mbali. Mama mkwe wangu alijifunza kulitambua jina lake, na neno Mungu, akatosheka. Alikufa mwaka uliofuata mvua za vuli zikianza, na tuliomwosha mara ya mwisho tulikuwa sisi wawili.

Ningependa kusema wivu uliisha. Haukuisha. Mwezi wa nne wa masomo alianza kusoma mistari mizima bila mimi, na siku hiyo nilijikuta nachelewesha somo la ng na ng', nikimwambia tulirudie la zamani. Tulilirudia juma zima. Hakukuwa na sababu. Nililala na jambo hilo, na Jumamosi alipokuja nikamwambia kabla hajaketi.

"Nimekuchelewesha makusudi. Nimekuonea wivu tena."

Alinitazama. "Mkubwa ama mdogo?"

"Wa kutosha."

"Basi tuketi," akasema. "Nionyeshe hiyo uliyonificha."

Nikamwonyesha. Tangu hapo ndiyo desturi yetu. Wivu ukinipata, namwambia. Yakobo anapotuambia tuungame dhambi zetu sisi kwa sisi, mimi nilidhani anazungumzia dhambi zilizokwisha kufanyika na kuzikwa. Hizi zetu twaziungama zikiwa bado zina joto, na zikitajwa hupungua nguvu, si kwa siku zote, kwa siku ile. Naye ameniambia zake, ambazo si za kuandikwa hapa.

Alhamisi sasa tunafundisha kwa zamu. Darasa limerudi kuwa kubwa kuliko lilivyokuwa, na siku yake huwa limejaa zaidi ya siku yangu. Naona. Nina macho.

Mwaka huu akina mama wa makanisa ya Kitui walimwandikia barua, wakimwalika akazungumze kwao siku mbili. Mchungaji aliisoma mbele ya watu wote. Jina langu halikuwemo, na hakukuwa na sababu liwemo. Jioni yake alikuja kwangu na Biblia, akasema amechagua andiko na anataka nimsikilize akilisoma, asije akajikwaa mbele ya watu wa kwao. Tuliketi mezani jikoni. Alisoma akifuata mstari kwa kidole. Alikosea mara mbili. Mara ya kwanza nilimsahihisha. Mara ya pili alijisahihisha mwenyewe kabla sijafungua mdomo, akaendelea.

"Ni vizuri?" akauliza alipomaliza.

"Ni vizuri," nikamwambia. "Na nina wivu."

"Najua. Umeminya midomo tangu nianze." Akafunga kitabu. "Utanishikia Alhamisi yangu?"

Alhamisi hiyo tulikuwa wanawake kumi na mmoja tu, maana wengi walijua hayupo. Somo lilikuwa lake, na nililifundisha jinsi alivyokuwa amelipanga, bila vichwa. Katikati mama mmoja kijana aliyeolewa majuzi aliinua mkono, akauliza kwa nini Mungu alimkubali Habili akamkataa Kaini, na Kaini afanye nini sasa, akiwa amesimama pale na mazao yake mikononi. Niliwaza majibu yote yaliyomo kwenye madaftari yangu. Nikamwambia sijui vizuri. Nikamwambia ninachojua ni kwamba Mungu alizungumza naye kabla hajafanya lolote baya, akamwuliza kwa nini uso wake umekunjamana, na kwamba lile lilikuwa swali, na swali hungoja jibu. Kisha yule wa mtaro wa maji akasema, "Endelea, Mwalimu."